Mabaki ya Astigmatizimu baada ya Kupandikizwa Lenzi Toriki: Chanzo, Uchunguzi na Marekebisho

Utangulizi

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, ni miongoni mwa vyuo vichache nchini Kenya vinavyofunza taaluma ya upimaji wa macho hadi kiwango cha shahada. Chuo hicho hicho hufunza Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi wa upimaji wa macho husomeshwa kwa Kiingereza, kisha hupelekwa kliniki kuzungumza na wagonjwa ambao wengi wao huieleza hali yao kwa Kiswahili au kwa mojawapo ya lahaja za Kiluhya. Pengo hili baina ya lugha ya darasani na lugha ya kliniki lina gharama yake, na katika maradhi ya macho gharama hiyo huweza kupimwa kwa siku na kwa digrii.

Makala haya yanashughulikia suala moja mahususi, yaani astigmatizimu inayosalia baada ya mgonjwa wa mtoto wa jicho kupandikizwa lenzi toriki. Na achukuliwe, kwa mfano tu, mwalimu mstaafu wa Lurambi ambaye wanawe wamemlipia upasuaji katika hospitali kubwa jijini Nairobi. Ameelezwa kuwa lenzi aliyochaguliwa itamwondolea mtoto wa jicho na pia kasoro aliyokuwa nayo tangu ujana, hivi kwamba hatahitaji tena miwani ya kutazamia mbali. Upasuaji unafanyika, bandeji inaondolewa, daktari anaridhika. Wiki moja baadaye mwalimu yuko nyumbani, na kila herufi iliyo ubaoni kanisani ina kivuli kilichoegemea upande mmoja. Anaposema, "Bado sioni vizuri," jamaa wanamshauri asubiri jicho lizoee. Naye anasubiri mwezi, kisha miezi mitatu.

Kungoja kwa namna hiyo ndiko kunakomponza. Kasoro ya aina hii ina vyanzo vinavyojulikana, kila chanzo kina dawa yake, na dawa iliyo rahisi zaidi miongoni mwazo ina muda wake unaopita.

Jicho lisilo na nukta moja

Nuru huingia jichoni kupitia konea, yaani kioo cha mbele kilicho angavu, ikapita katika mboni, kisha katika lenzi ya asili, na hatimaye kutua juu ya retina. Konea na lenzi hushirikiana kuikunja nuru hiyo ili ikutane mahali pamoja. Nguvu ya kukunja nuru hupimwa kwa dayopta. Jicho la mtu mzima lina takriban dayopta 60 kwa jumla, na kati ya hizo takriban 43 ni za konea. Ndiyo maana umbo la konea likipotoka kidogo tu, uoni huharibika kwa kiasi kikubwa.

(Neno mboni, kwa njia, lina undugu na kitenzi ona, na katika lahaja kadhaa za Kiluhya neno linalofanana nalo, imoni, humaanisha jicho zima. Mgonjwa akisema kuwa mboni yake ina shida, haifai kudhaniwa moja kwa moja kuwa anazungumzia lile tundu jeusi la katikati.)

Konea iliyo kamili ingekuwa imebinuka sawasawa pande zote, mfano wa kipande kilichokatwa kutoka kwenye mpira. Konea yenye astigmatizimu imebinuka zaidi upande mmoja kuliko upande unaoukata kwa pembe mraba, mfano wa ubavu wa yai. Iwapo wima ina dayopta 44.5 na ulalo una dayopta 42, tofauti ya 2.5 ndiyo astigmatizimu ya konea hiyo. Nuru ya wima hukutana mahali pake, nayo ya ulalo mahali pengine. Nukta moja ya nje haifanyi nukta moja ndani. Hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe, kwa kuwa kiambishi cha Kigiriki kinachokanusha kimetangulizwa mbele ya neno lenye maana ya nukta au alama. Istilahi hiyo inahusishwa na William Whewell wa Cambridge, ila kasoro yenyewe ilikwisha kuelezwa na Thomas Young mwaka 1801. Young aliichunguza katika jicho lake mwenyewe. Alilizamisha katika maji ili kuifuta nguvu ya konea, akaona kasoro ingalipo, akahitimisha kwamba kwake yeye ilitoka kwenye lenzi. Mwaka 1825 mnajimu George Biddell Airy naye alitengenezewa kioo chenye umbo la silinda kwa ajili ya jicho lake, na miwani ya astigmatizimu ikaanzia hapo.

Jaribio la Young lina funzo kwa mada hii. Astigmatizimu ya jicho ni jumla ya ile ya konea na ile ya lenzi. Mtoto wa jicho si ngozi iliyoota juu ya jicho, kama wengi wanavyodhani, bali ni ile lenzi ya asili iliyopoteza uangavu wake. Daktari anapoiondoa, astigmatizimu yake huondoka nayo, na kinachobaki ni ile ya konea. Kwa hiyo miwani ya zamani ya mgonjwa haiwezi kutumiwa kukadiria atakachohitaji baada ya upasuaji. Ni sharti konea ipimwe peke yake.

Lenzi toriki na tyubu ya baiskeli

Harold Ridley alipandikiza lenzi ya kwanza ya kutengenezwa katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita havikuzusha uvimbe uliotarajiwa. Lenzi za tangu wakati huo zilikuwa na mbinuko sawa pande zote, na ndizo wanazopandikizwa wagonjwa wengi hadi leo. Lenzi toriki zilianza kupandikizwa nchini Japani katika miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 1998 moja ikaidhinishwa nchini Marekani.

Jina toriki linatokana na umbo ambalo kila mkazi wa Kakamega amelishika mkononi, yaani umbo la tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Ukipitisha kidole juu ya tyubu kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, unahisi mbinuko wa taratibu. Ukikipitisha kwa kuikata tyubu, unahisi mbinuko mkali. Uso mmoja una mbinuko wa aina mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Lenzi toriki hutengenezwa hivyo kwa makusudi, ili udhaifu wake ulale pale penye ukali wa konea, na ukali wake pale penye udhaifu wa konea. Vidoa vidogo huchorwa kandokando ya lenzi kuonyesha mhimili wa udhaifu wake. Daktari huvizungusha vidoa hivyo ndani ya jicho mpaka vilingane na upande wa konea uliobinuka zaidi. Kwa kuwa lenzi imekaa nyuma ya konea, nguvu yake hupungua inapohesabiwa kutoka mbele: dayopta 1.5 za silinda kwenye lenzi hufanya kazi ya takriban dayopta 1 kwenye konea.

Lenzi ya kawaida hata ikizunguka kama pia haileti tofauti. Lenzi toriki haina uhuru huo.

Hesabu ya saa ya ukutani

Na itazamwe saa ya ukutani. Mduara wake una digrii 360 na dakika 60, hivyo nafasi ya dakika moja ni digrii 6. Lenzi toriki ikikaa pembeni ya mahali pake kwa nafasi ya dakika moja tu, takriban moja kwa tano ya manufaa yake hupotea. Ikikosea kwa dakika mbili, hupotea takriban mbili kwa tano. Ikikosea kwa dakika tano, yaani digrii 30, manufaa yote huisha: kiasi cha astigmatizimu ya jicho huwa sawa na kana kwamba lenzi ya kawaida ndiyo iliyowekwa, isipokuwa mwelekeo wake umebadilika. Zaidi ya hapo lenzi huanza kuongeza kasoro iliyotumwa kuiondoa, na ikifika digrii 90 kasoro huwa maradufu.

Mwenye kupenda hisabati ataikuta kanuni hii katika maneno machache: mabaki ni sawa na mara mbili ya nguvu ya lenzi ikizidishwa kwa saini ya pembe iliyokosewa. Konea yenye dayopta 3, lenzi ikiwa imepotoka kwa digrii 10, huacha mabaki ya dayopta 1 na ushei. Kiasi hicho kinatosha kumfanya mwalimu wa mfano uliotangulia aone vivuli. Kwa upande mwingine, mabaki yasiyozidi dayopta 0.5 aghalabu hayamsumbui mgonjwa, na si busara kuyafukuzia kwa kisu.

Vyanzo vya mabaki

Ni kosa la kawaida kudhani kwamba kila mabaki yametokana na lenzi kuzunguka. Kuzunguka ni chanzo kimoja tu, ingawa ndicho kinachojulikana zaidi. Lenzi huwekwa ndani ya kifuko chembamba kilichokuwa kimeifunika lenzi ya asili. Katika siku za kwanza kifuko hicho hakijaishika barabara. Tafiti zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya mzunguko hutokea katika saa ya kwanza na siku ya kwanza baada ya upasuaji. Macho marefu, yaani ya watu ambao tangu awali hawakuona mbali, mara nyingi huwa na kifuko kipana, na lenzi huteleza humo kwa urahisi zaidi. Hali kadhalika, ule uteute maalumu unaotumiwa kulinda jicho wakati wa upasuaji usipofyonzwa wote nyuma ya lenzi, huilainishia lenzi njia.

Chanzo cha pili ni lenzi kukaa pale pale ilipowekwa ilhali iliwekwa mahali pasipofaa. Mtu akilala chali, jicho lake huzunguka kidogo ndani ya tundu lake. Kwa wengi ni digrii chache, na kwa baadhi huzidi 10. Daktari aliyeweka alama za mhimili mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa mezani atakuwa amekosea hata kabla ya kuanza. Ndiyo maana alama huwekwa mgonjwa akiwa ameketi wima, akitazama mbele.

Upo pia uwezekano wa kipimo chenyewe kuwa na kasoro. Mashine za kupima konea husoma kwa kutegemea nuru inayoakisiwa na utando wa machozi, na jicho kavu hutoa kipimo kisichotegemeka. Aliyepimwa muda mfupi baada ya kuvua lenzi za kubandika machoni naye hupata tarakimu zisizo za kweli. Isitoshe, kwa miaka mingi wataalamu waliipima sura ya mbele ya konea tu, wakakadiria kwamba sura ya nyuma inafuata mkondo huo huo. Utafiti wa Douglas Koch na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulidhihirisha kuwa sura ya nyuma ina astigmatizimu yake, kwa wastani wa takriban dayopta 0.3, na kwa watu wengi mwelekeo wake hautegemei ule wa mbele. Matokeo yake ni kwamba waliokuwa na mbinuko mkali wa wima walirekebishwa kupita kiasi, na waliokuwa na mbinuko mkali wa ulalo wakarekebishwa pungufu. Vikokotozi vya siku hizi hulizingatia jambo hilo. Vya zamani havikulizingatia.

Mkato wa upasuaji nao hubadilisha konea, kwa kuwa huilegeza upande ulipopita. Upasuaji wa mashine ya mawimbi ya sauti hupitia mkato usiofika milimita 3, na athari yake ni ndogo. Upasuaji wa mkono, ambao ndio umewarudishia uoni wagonjwa wengi katika kambi za macho za Afrika Mashariki, huhitaji mkato wa takriban milimita 6 au 7, na athari yake ni kubwa na ni vigumu zaidi kuibashiri. Hii si hoja dhidi ya upasuaji wa mkono, ambao ni wa haraka, wa bei nafuu na wenye matokeo mazuri. Ni hoja ya kueleza kwa nini lenzi toriki aghalabu huambatana na ule wa mashine.

Kisha zipo konea ambazo hazikustahili lenzi toriki kamwe. Keratokonasi ni ugonjwa unaoifanya konea kuwa nyembamba na kuchongoka mfano wa pia. Mzio wa macho unaowafanya watoto wengi wa Afrika Mashariki kuyasugua macho yao kila siku huchangia ugonjwa huo. Astigmatizimu yake haina pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, na tyubu ya baiskeli haiwezi kulingana nayo.

Hatimaye kuna makosa ya kunakili, nayo yanastahili kutajwa kwa kuwa wanafunzi wa lugha watayaelewa vyema kuliko mtu yeyote. Miwani ya astigmatizimu huweza kuandikwa kwa nukuu ya chanya au kwa nukuu ya hasi. Jicho lenye +1.00 −2.00 katika mhimili wa 180 ni lile lile lenye −1.00 +2.00 katika mhimili wa 90. Wapimaji wengi hutumia nukuu ya hasi, na baadhi ya wapasuaji hutumia ya chanya. Karatasi ikipita kutoka kliniki moja hadi nyingine bila kufasiriwa ipasavyo, lenzi huweza kuelekezwa digrii 90 mbali na mahali pake.

Utaratibu wa uchunguzi

Mchunguzi mzuri haanzi na lenzi. Huanza kwa kumsikiliza mgonjwa, na hapa ndipo lugha inapofanya kazi ya kitabibu. Kauli "sioni vizuri" haimpi mchunguzi lolote. Kiswahili, hata hivyo, kina maneno ya kutosha kuzipambanua hali mbalimbali. Anayesema kuna ukungu huenda kifuko cha lenzi kimeanza kufifia, au konea imevimba. Anayesema mstari ulionyooka unaonekana umepinda katikati anastahili kuchunguzwa retina bila kuchelewa. Anayesema kuna kivuli kilichoambatana na herufi, na kwamba kivuli hicho kiko upande ule ule kila mara, anaielezea hali inayofanana sana na astigmatizimu. Anayesema uoni hubadilika akipepesa macho, anadokeza ukavu. Maneno haya hayathibitishi ugonjwa, ila yanaonyesha pa kuanzia. Mpimaji anayeuliza, "Je, ni ukungu au ni kivuli?" amekwisha kufupisha kazi yake.

Jaribio linalofuata ni la kadi yenye tundu dogo. Mgonjwa akichungulia kupitia tundu hilo na herufi zikawa wazi, basi hitilafu iko katika ukunjaji wa nuru, na kuna matumaini ya kuirekebisha. Herufi zisipobadilika, sababu huenda ni nyingine, na si haki kuisingizia lenzi. Baada ya hapo mgonjwa hupimwa kama anayepimwa miwani, kwa makini na kwa mkono. Tarakimu za mashine peke yake zisitegemewe, maana ndizo zitakazoingia katika hesabu. Uso wa jicho hukaguliwa, na jicho kavu hutibiwa kwanza, kisha kupimwa upya.

Ndipo mboni inapopanuliwa kwa dawa ya matone, na lenzi kutazamwa kwa darubini yenye mwale mwembamba wa taa. Mwale huo huzungushwa mpaka ulingane na vidoa vya lenzi, na digrii zake kusomwa. Kichwa cha mgonjwa kisiinamishwe hata kidogo, kwani kichwa kilichoinama digrii 5 huleta kosa la digrii 5.

Sasa mchunguzi anazo tarakimu tatu: mahali lenzi ilipokusudiwa kukaa, mahali ilipo, na mabaki yaliyopimwa. Wengi hukimbilia kulinganisha mbili za kwanza na kusema, "Imehama kwa digrii 8, irudishwe." Kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mpango wa awali ulitungwa kwa konea ambayo haikuwa imekatwa, kwa kipimo ambacho huenda kilikuwa na dosari, na bila ya sura ya nyuma ya konea kujulikana kwa hakika. Jicho lililo mbele ya mchunguzi si lile lililopangiwa. Hesabu mpya inapasa kuanza na jicho jinsi lilivyo leo, yaani mabaki yaliyopo na lenzi mahali ilipo, na kutokana na hayo mawili kutafuta mhimili utakaoacha mabaki madogo kabisa. Kikokotozi cha mtandaoni kilichobuniwa na madaktari wa Marekani John Berdahl na David Hardten hufanya hesabu hiyo. Mara nyingine jibu lake hulingana na mpango wa awali. Mara nyingine lenzi huwa haijahama hata kidogo, na bado inafaa kuzungushwa.

Kuzungusha, kubadilisha au kuvaa miwani

Kipo kigezo kimoja kinachoamua iwapo kuzungusha kutafaa, nacho ni wastani wa nguvu mbili za jicho. Kuzunguka kwa lenzi hubadilisha tofauti iliyopo baina ya pande mbili bila kuubadilisha wastani wake. Mgonjwa ambaye upande mmoja wa jicho lake una +1.00 na wa pili −1.00 ana wastani wa sufuri. Tofauti hiyo ikiondolewa kwa kuizungusha lenzi, ataona vyema. Mwingine ambaye pande zake ni −1.00 na −2.00 ana wastani wa −1.50. Kuizungusha lenzi yake kutamwachia jicho lisiloona mbali, hata kama astigmatizimu itatoweka yote. Huyu wa pili alipewa lenzi isiyo na nguvu inayofaa, na dawa yake ni kubadilishiwa lenzi, au kurekebishwa konea kwa leza, huduma inayopatikana Nairobi.

Kuizungusha lenzi ni kazi ya dakika chache katika chumba cha upasuaji. Daktari hupitia mkato wa zamani, hukitanua kifuko kwa uteute, huigeuza lenzi hadi kwenye mhimili mpya, na kuufyonza uteute wote. Wengi hupendelea kuifanya kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Kabla ya hapo kifuko hakijaanza kushika, na lenzi huweza kurudi ilikotoka. Baadaye zaidi kovu hujenga na kuigandamiza lenzi, nayo kazi iliyokuwa nyepesi hugeuka kuwa ngumu na yenye hatari.

Tahadhari moja haina budi kutiliwa mkazo. Mgonjwa mwenye vivuli akilalamika sana, kuna kishawishi cha kukitoboa kifuko kwa leza, kama inavyofanywa kifuko kinapofifia. Kifuko kikishatobolewa, kuibadilisha lenzi huwa jambo la hatari kubwa. Isiamuliwe kukitoboa kabla ya kuamuliwa hatima ya lenzi.

Miwani nayo isidharauliwe. Ndiyo njia nafuu na salama kuliko zote, na mwenye jicho lenye matatizo mengine huenda ikawa njia pekee. Ugumu wake ni wa kimaadili zaidi kuliko wa kitabibu: mgonjwa aliuziwa lenzi ghali kwa ahadi ya kuachana na miwani. Laiti angalielezwa kabla ya kutia sahihi, kwa lugha anayoielewa, kwamba lenzi toriki hupunguza astigmatizimu na kwamba wachache huhitaji kurudi mezani, asingejiona ametapeliwa.

Wiki tatu na safari ya Nairobi

Kwa mkazi wa jiji, kurudi kwa daktari katika wiki ya pili ni suala la nauli ya matatu. Kwa mwalimu wa Lurambi ni safari ya basi ya kutwa nzima au ya usiku kucha, na mara nyingi ya watu wawili, maana haendi peke yake. Ndiyo sababu ushauri wa "ngoja jicho lizoee" hupokewa kwa furaha. Lakini uchunguzi wa kwanza hauhitaji Nairobi. Hospitali ya Macho ya Sabatia, iliyoko katika kaunti jirani ya Vihiga, ni kituo maalumu cha macho, na mpimaji aliyehitimu anaweza kupima mabaki na kusoma vidoa vya lenzi, kisha tarakimu zikatumwa kwa simu hadi kwa aliyefanya upasuaji. Mgonjwa akisafiri baada ya hapo, anasafiri akijua anachokifuata.

Ili hilo liwezekane anahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni kadi ya lenzi, yenye jina la lenzi, nguvu yake na nguvu ya silinda yake. Hutolewa pamoja na lenzi na ni haki ya mgonjwa kuondoka nayo. Ya pili ni maandishi ya mhimili uliokusudiwa, kwa digrii, pamoja na vipimo vya konea vya kabla ya upasuaji. Karatasi hii ya pili aghalabu hubaki katika faili la hospitali kwa kuwa hakuna aliyeiomba. Kuiomba hakuhitaji istilahi yoyote ya kigeni. Inatosha mgonjwa kumwambia daktari, kabla ya kuondoka: "Naomba uniandikie lenzi yangu imelazwa kwenye digrii ngapi."